Nta Kwenye Plastiki Nyeusi

Mwanangu Idrisa,

Umeniomba jina la marehemu baba yako uliandike juu ya mlango wa fremu uliyopanga Kigamboni, nami nilikwambia utapata jibu kabla hujavuka kesho. Jibu limo humu. Usifunue ukurasa wa mwisho kulitafuta, nakufahamu. Ulipokuwa shule ya msingi ulikuwa ukisoma majibu nyuma ya kitabu cha hesabu, kisha unarudi kuyatungia njia. Njia zako zilichekesha kiasi kwamba mwalimu wako, aliyekuwa mwenzangu katika chumba cha walimu, alizisoma kwa sauti wakati wa chai. Walicheka wote. Nami nilicheka.

Sitakuandikia habari za chakula, chandarua wala marafiki. Wala sitajifanya kwamba unakwenda mbali. Majirani wameanza kuja na maneno ya kuagana kana kwamba unapanda ndege. Mama Zubeda wa mlango wa pili alijishika shavu jana akaniuliza, "Sasa utamwona lini tena, shoga?" Nikamjibu kwamba ukisimama ng'ambo ya Magogoni ukapunga mkono, nitakuona kwa macho yangu haya haya. Lakini nimekwisha kuwaambia watu kwamba umehama, na nataka iwe hivyo. Usivuke kila Ijumaa kuja kula pilau na kunieleza kwamba biashara ni ngumu. Najua ni ngumu. Nimeifanya mimi.

Uliwahi kunilalamikia kwamba nazungumza nawe kama niko ukumbini na kipaza sauti mkononi. Ni kweli. Familia nyingi za Gerezani na Ilala zimenituma kuposa, kusuluhisha na kutoa shukrani kwa niaba yao, na mazoea hayo yamenifuata hadi jikoni. Nivumilie mara hii, maana ninayokusudia kuyasema hayajawahi kusemwa katika ukumbi wowote.

Nianze na jina lenyewe. "Kwa Shomari" halikuanzia kwenye bango. Baba yako alianza na ndoo, vitambaa, na kivuli cha ukuta wa ghala la watu pale Gerezani, mahali ambapo magari yaliyotoka bandarini hupitishwa kununuliwa taa na vioo kabla ya kukabidhiwa wenyewe. Watu walisema, "Mpeleke kwa Shomari," nao walimaanisha mtu, hawakumaanisha jengo. Alikuwa mkavu. Hakuwa na neno tamu hata kwa mwenye gari la kifahari. Mteja akimwambia, "Mzee, wewe paka nta kote, ing'ae tu," alimjibu, "Rangi naing'arisha. Plastiki nailinda. Ukitaka kila kitu king'ae, nunua sufuria."

Wateja walikasirika, wakaenda kwingine, wakarudi. Walirudi kwa sababu kwingine walipakwa nta ya bodi juu ya plastiki nyeusi za bampa na za kuzunguka magurudumu, na jua la mji huu likafanya kazi yake. Wewe unajua ninachokisema. Nakiandika ili usije ukasema hukuambiwa. Plastiki ile si laini. Ina vishimo vidogo kama ganda la chungwa. Nta iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi hukaa juu ya rangi na kufutika, lakini ikiingia katika vishimo vile hukaukia humo humo, ikawa nyeupe kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Ukiisugua kwa hasira inazidi kuzama. Ndiyo maana baba yako, kabla ya kugusa kopo la nta, alizizungushia plastiki tepu ya karatasi, kingo kwa kingo, kama daktari anayefunga kidonda. Akimaliza bodi alirudi kwenye plastiki na dawa yake yenyewe: kivulini, kwa wembamba, anasubiri, anafuta, anasubiri tena. Kazi hiyo haimfurahishi mtu. Ikifanywa vizuri, mwenye gari haoni kilichofanyika. Anaona plastiki nyeusi, na anadhani ilizaliwa hivyo.

Hapo ndipo kazi hii ilipokushinda, Idrisa. Hujawahi kuwa mvivu, na mikono yako ni mizuri kuliko ya baba yako. Ila hukuweza kufanya jambo ambalo hakuna atakayekusifia.

Sasa nizungumzie gari la harusi.

Unalikumbuka: jeupe, refu, lenye plastiki nyeusi pana kuzunguka magurudumu yote. Lililetwa na Nilesh, mtoto wa Bi Hansa wa Upanga, kwa ajili ya kumchukua dada yake Jigna siku ya ndoa. Familia ile ilianza kuja kwetu tangu baba yako akiwa na ndoo zake. Asubuhi ile nilikuwa ndani nikijiandaa kwenda Magomeni kuposa kwa niaba ya watu, na kabla sijatoka nilikwambia mambo mawili. Nilikwambia uzungushie tepu. Nikakwambia pia kwamba magurudumu ya gari la harusi ya Kihindu huoshwa yakaachwa makavu kabisa, yasipakwe chochote, kwa sababu watayagusa. Baba yako alilijua hilo na kulishika bila kuuliza sababu. Wewe uliniitikia, "Sawa mama," kwa sauti ile unayotumia kumfukuza mtu.

Nilipokuwa navaa viatu nikawasikia wewe na Tatu uani. Tatu, kwa faida ya kumbukumbu yako, ni yule binti aliyefanya kazi kwetu tangu baba yako yu hai, na aliyekuita bosi mdogo kwa namna ambayo hukuweza kuamua kama ni heshima au kejeli. Ilikuwa kejeli.

"Oya bosi mdogo, hiyo nta ya bodi unaipeleka wapi huko chini?"

"Kausha wewe," ukamjibu, yaani anyamaze.

"Haya, mi nakausha. Na hiyo plastiki nayo itakausha, tuone nani atakausha zaidi."

Nilicheka peke yangu mlangoni, nikaondoka. Nilidhani umemsikia.

Niliporudi gari lilikuwa limeshachukuliwa, na wewe ulikuwa umeoga. Yaliyotokea katikati nimeyajua kwa vipande, nami nitakuunganishia. Ulipaka nta kote, bodi na plastiki, ili kila mahali pang'ae kwa pamoja na Nilesh aseme "Aisee!" Jua likaikausha. Plastiki zikawa na mabaka meupe kama ngozi yenye ugonjwa. Ukasugua kwa brashi ya waya na petroli, ukazikwaruza. Nami ningekupa ufutio wa shule, Idrisa, ufutio mweupe wa kawaida wa penseli, ambao huitoa nta ile kidogo kidogo bila kuumiza plastiki; mezani kwangu umejaa. Lakini kuomba ufutio kungekuwa kukiri. Kwa hiyo uliingia ndani, ukainama chini ya kitanda changu, ukachukua kopo la dawa nyeusi ya viatu la baba yako, lile nililoliacha pamoja na viatu vyake. Ukapaka plastiki zote. Zikawa nyeusi tii. Nilesh alipokuja akasema "Aisee!"

Dawa ya viatu hunywewa na ngozi. Juu ya plastiki yenye nta haina pa kwenda. Hukaa pale pale, laini, ikisubiri mtu aiguse. Wewe ulijiambia kwamba hakuna binadamu anayeshika juu ya gurudumu la gari.

Binti wa Kihindu anapoondoka kwao, nazi huwekwa chini ya gurudumu ili gari likianza kwenda liivunje. Na kabla ya hapo mama yake huinama mbele ya gurudumu lile akalitia alama ya unga mwekundu, kuliombea limfikishe mtoto wake salama. Bi Hansa ni mtu mzima, magoti yanamsumbua. Alipoinuka alijishikiza kwenye plastiki ya juu ya gurudumu, kwa kiganja kizima. Kisha akageuka, akamkumbatia bintiye kwa mara ya mwisho kama mtoto wa nyumba yake.

Jigna alikuwa amevaa sari nyeupe yenye pindo jekundu. Hakuna aliyeona, kwa kuwa kila mtu alikuwa analia. Nazi ikavunjika, gari likaondoka. Aliyeona kwanza ni mama mkwe, mlangoni kwake, alipomgeuza bibi harusi ili wageni wamtazame vizuri. Mgongoni palikuwa na vidole vitano vyeusi. Mkono wa mama yake.

Nataka ulisome hilo tena kabla hujaendelea.

Kesho yake Nilesh alikuja na gari. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikamwitikia, "Marahaba, baba." Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu, nani alilishughulikia gari hili, na kabla sijafungua mdomo wewe ulisema, "Tatu."

Tatu alikuwa amechuchumaa akifua vitambaa. Aliinua uso. "Mimi?"

"Wewe, nani mwingine? Si nilikuachia ukamalizie?"

"Bosi mdogo," akasema taratibu, "hebu apa."

"Wallahi."

Uliapa, Idrisa, na dawa ya viatu ya baba yako ikiwa bado ndani ya kucha zako. Mimi nilikuwa nimeshaamka alfajiri nikakuta kopo halipo chini ya kitanda, na Tatu hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba changu. Nilijua. Leo ndipo unajua kwamba nilijua. Nilikuuliza, "Una uhakika?" nawe ukanijibu, "Mama, kweli mimi naweza kufanya kitu kama hicho?" Ulinitazama machoni ukilisema. Kisha nikamgeukia Tatu nikamwuliza kama ana la kusema.

"La kusema ninalo, mama. Ila naona kikao kimeshafungwa."

Alikamua kitambaa alichokuwa akikifua, akakianika pamoja na vingine, akakausha mikono kwenye kanga yake, akatoka. Na wewe mchana ule ulikula chipsi mayai na kachumbari ukaifuta sahani kwa kidole.

Utajiuliza kwa nini mimi, ninayesimama mbele ya koo mbili zinazotaka kupigana nikazikalisha, nilinyamaza uani kwangu mwenyewe. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka kuona utakwenda hadi wapi kabla hujageuka mwenyewe. Nilijiambia kwamba ni mtihani, na kwamba mtihani hausaidiwi. Nilikupa mchana, nikakupa jioni, nikakupa wiki. Hukugeuka. Ulianza hata kumsimulia Mama Zubeda jinsi wafanyakazi wa siku hizi walivyo wazembe.

Nilikwenda Upanga peke yangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, mazuri, yaliyopangika, ya mtu aliyezoea. Nilipoanza tu, "Bi Hansa, dada yangu, nimekuja mbele yako nikiwa na kichwa kilichoinama," alininyooshea kiganja, kile kile, kilichokwisha kuoshwa na kusuguliwa kwa ndimu.

"Mama Idrisa, acha hotuba."

Nikaacha. Nikamwambia ni mwanangu, si mfanyakazi. Akasema, "Mimi nililijua tangu mwanzo kuwa ni wa kwako. Mfanyakazi angeogopa kupaka kitu asichotumwa." Akaniuliza kama nina binti. Nikasema sina. "Basi huwezi kujua," akasema, na hakunikaribisha chai. Nimeingia nyumba ile miaka yote hiyo na sikuwahi kutoka bila chai.

Kutoka pale nikaenda kwa Tatu, kwao, nyuma ya Jangwani, ambako maji ya mvua yalikuwa yamepungua na matope yamebaki ukutani hadi usawa wa kiuno. Alikuwa anakwangua matope hayo kwa kipande cha bati. Nilimwambia namjua mkosaji, nikamwomba arudi kazini. Aliendelea kukwangua.

"Mama, ulijua lini?"

"Asubuhi ile ile."

"Kabla hajaapa?"

"Kabla."

"Ukaniacha nikatoka mbele ya mteja?"

Nikamwambia nilikuwa nakupima wewe. Hapo akaacha kukwangua akanitazama.

"Basi bora yeye, mama. Yeye alikuwa anaogopa."

Nimesuta watu wengi katika maisha yangu, mwanangu, kwa lugha safi, nao wakanishukuru. Sijawahi kusutwa namna ile. Nilisimama katika matope ya watu, na gauni langu la kuposea. Siku hizi Tatu anafanya kazi kwa washindani wetu, ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi nikifungua mlango ananipigia kelele, "Shikamoo mama!" kwa sauti ya kufika sokoni. Nami sina budi kuitikia marahaba mbele ya watu wote, na watu wote wanajua. Wateja wa zamani wanamfuata yeye. Nawaona wakigeuza usukani mbele ya mlango wetu.

Nimelitafuta kosa langu mahali pengi, na nimelipata mapema kuliko nilivyopenda. Ulipovunja kioo cha jirani kwa mpira, ukiwa mdogo, nilikwenda kuzungumza kwa niaba yako. Nilizungumza vizuri mno. Mpaka ninamaliza, jirani yule alikuwa ananiomba radhi kwa kuweka kioo karibu na watoto. Ulikuwa umesimama nyuma ya gauni langu, na nikakuona unatabasamu. Nilijivunia. Shuleni, nilipokuwa mwalimu, ulipofeli nilikwenda kwa walimu wenzangu na lugha ile ile. Kila ulipochafua nilikuja na kitambaa na maneno, nikakung'arisha, nikakurudisha barabarani. Baba yako alikuwa akituangalia tu. Mara moja aliniambia, "Mama Idrisa, unampaka nta kijana huyu," nami nikadhani ni mzaha wa kazi.

Sikukulinda. Ningekulinda kama ningekuacha siku ile ulipe kioo kwa aibu yako mwenyewe, mbele ya yule jirani, ukilia. Ungekuwa na umri wa kulia. Sasa umekuwa mkubwa, huna tena pa kuulilia upumbavu wako, na mimi nimebaki na uhodari wa kusema ambao Bi Hansa aliukata kwa kiganja.

Usiende kwa Tatu kumwomba radhi ili upate kuniambia kwamba umekwenda. Ukienda, nenda siku ambayo hutamwambia mtu yeyote. Na usitarajie atakusikiliza, ana kazi. Kuhusu Jigna sina ushauri. Mama mkwe wake amelihifadhi neno mkosi, alilolitamka pale mlangoni alipoviona vidole vile, na kila jambo likienda vibaya katika nyumba ile, sufuria ikiungua, mtoto akichelewa kupatikana, hulitoa. Nilesh ndiye aliyeniambia. Hilo huwezi kulifuta kwa ufutio, wala mimi siwezi.

Sasa jina.

Leo mchana nilipita Mtaa wa Msimbazi kwa mchora mabango, kumwuliza kama ana nafasi ya kazi. Nilikuwa bado sijaamua, sikufichi. Nilikuwa nimefika mahali pa kufikiri kwamba pengine jina la baba yako lingekushika mkono. Nikakuta bango limeegeshwa ukutani, linakauka. KWA SHOMARI, TAWI LA KIGAMBONI. Rangi nyekundu, kivuli cha njano, na pembeni gari dogo linalong'aa kote, mpaka plastiki. Uliliagiza wiki iliyopita, akanieleza, ukamwambia mama ameshakubali.

Sikugombana naye. Kijana wa watu hana kosa. Nilivuta kigoda nikakaa pale, kwenye vumbi na honi, nikamwambia alifute, na nikabaki nikimtazama hadi herufi ya mwisho ya Shomari ilipozama chini ya rangi nyeupe. Ilikuwa kama kumfukia mara ya pili, na safari hii sikuwa na mtu wa kunishika bega.

"Sasa mama," akaniuliza, na brashi hewani, "niandike nini? Mwenyewe analifuata asubuhi."

"Andika Idrisa."

"Idrisa nani? Idrisa Auto, Idrisa Huduma za Magari, au...?"

"Idrisa tu."

Nikamwambia aliandike kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, ili mwenye gari atakaporudi kwako amekunja uso asihangaike kuuliza ni nani wa kumwita nje.

Mimi niliyekuzaa,
Mama